Chai kwenye Sakafu ya Sigtuna

Ujumbe uliingia kwenye simu ya rafiki yangu siku ya Alhamisi, wakati anamlisha mzee mmoja supu ya njegere. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee kusini mwa Stockholm, vituo vichache kutoka Rågsved anakoishi, na pale kazini simu hukaa mfukoni mpaka wakati wa mapumziko. Aliufungua saa nane na robo, akausoma mara mbili, kisha akanitumia picha ya ujumbe huo. Ulikuwa mfupi: vyumba viwili na jiko, Sigtuna, kuangalia nyumba Jumamosi saa sita mchana, jibu litolewe kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Chini, kwa herufi ndogo: nafasi yako katika foleni ni ya tatu.

Foleni yenyewe inahitaji maelezo. Anayetaka kupanga nyumba kwa jina lake mwenyewe katika eneo hili hujiandikisha, na kuanzia hapo siku zake zinahesabiwa. Siku ndizo zinazoamua, si shida zako wala idadi ya watoto. Nyumba ikipatikana, wanaitwa watu wachache wenye siku nyingi, wanaiona kwa pamoja, halafu kila mmoja anajibu ndiyo au hapana kwa simu. Katika waliosema ndiyo, mwenye siku nyingi zaidi ndiye anayepewa. Rafiki yangu alijiandikisha miaka kumi na miwili iliyopita, wiki ileile aliyopata kibali chake cha kuishi. Tangu hapo amekaa katika nyumba sita, zote kwa mkono wa pili: anapanga kwa mtu ambaye naye amepanga, jina lililoandikwa mlangoni si lake, na barua zake hufika zikiwa na jina la mtu mwingine juu ya lake. Mwenye ile ya Rågsved alikuwa anarudi kutoka Hispania mwisho wa mwezi wa sita. Ilikuwa mwezi wa tano katikati. Alikuwa na wiki sita, na binti wa miaka kumi na sita.

Jioni alinipigia.

"Mwandishi, Jumamosi una kazi?"

"Sina."

"Basi tutatembea. Kuna mji wa zamani sana, una mawe yameandikwa maandishi. Wewe utapenda."

"Na nyumba?"

"Na nyumba. Lakini tuseme tunatembea, sha. Nikisema naenda kuangalia nyumba, usiku silali."

Yeye ni Mrundi wa Bujumbura aliyeishi miaka kadhaa kambini Kigoma, na Kiswahili chake kina pande zote mbili, pamoja na ile "sha" ya kwao ya kumwitia rafiki. Mimi natoka Dodoma. Ananiita mwandishi kwa sababu niliwahi kufanya kazi katika gazeti la mkoa, na kwa sababu hadi leo natembea na kijidaftari. Tulifahamiana kwenye darasa la Kiswidi, huko Bredäng, ambako yeye alikaa nyuma yangu na kunichapa mgongoni kwa rula kila nilipokosea. Ana miaka minane zaidi yangu, namwita dada.

Tulikutana kituo kikuu saa tatu kasoro dakika kumi. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na koti la mvua, ingawa anga lilikuwa safi. Binti yake alikataa kuja. Kutoka chini ya blanketi alisema, kwa Kiswidi, kwamba Sigtuna kuna watalii tu na maduka ya mishumaa. Mama alimwambia kwa Kiswahili aoshe vyombo. Binti akajibu kwa Kiswidi kwamba ataviosha. Hivyo ndivyo wanavyoongea, na hakuna anayeona ajabu.

Alibeba mfuko mkubwa. Ndani kulikuwa na chupa ya chai, vikombe viwili vya plastiki, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa halafu zikafungwa tena kwa kitenge. Nilimuuliza kama tunakwenda Norway.

"Cheka tu. Nyumba huijui mpaka umekaa chini ndani yake na umekula kitu. Ukisimama, unaona kuta. Ukikaa, unasikia."

Akanieleza, wakati treni ikipita nyuma ya viwanda na mashamba ya kwanza, kwamba mama yake ndiye aliyefanya hivyo. Baba akishapata nyumba ya kupanga, mama alikwenda kwanza peke yake na uji kwenye kibuyu, akakaa sakafuni, akanywa taratibu. Alisikiliza majirani, panya, paa. Kisha alirudi nyumbani na jibu, na baba hakubishana nalo. Katika nyumba zote sita za Stockholm rafiki yangu hakuwahi kufanya hivyo, kwa sababu jibu lake lilikuwa ndiyo kabla hajaziona. Hii, alisema, ataipokea kwa utaratibu.

Halafu akatoa bahasha kutoka kwenye pochi. Nyuma yake alikuwa amechora ramani ya nyumba, ameinakili kutoka kwenye tangazo. Chumba cha kulala alikuwa amempa binti. Kitanda cha binti alikichora nyuma ya mlango, meza ya kusomea chini ya dirisha. Yeye mwenyewe alijichora sebuleni, kwenye sofa la kukunjua.

"Atakuwa na mlango," alisema. "Tangu azaliwe hajawa na mlango wa kufunga."

"Atakufungia."

"Anifungie! Nitagonga, nitasema hodi kwenye nyumba yangu."

Kutoka mwisho wa reli tulipanda basi, na saa nne na nusu tulishuka Sigtuna.

Mji ni mdogo kuliko sifa zake. Una barabara kuu moja, nyembamba, na pande zote mbili nyumba za mbao za ghorofa moja au pungufu, zimepakwa rangi ya manjano, nyekundu ya udongo na kijivu. Kila dirisha lina taa ndogo na chungu cha maua. Ukumbi wa mji una ukubwa wa nyumba ya mlinzi. Chini ya mteremko kuna ziwa, na juu ya mteremko kuna magofu ya makanisa ya mawe ambayo hayana paa tangu zamani za kale, na ndege weusi wanaishi ndani yake. Siku ile watu walikuwa wamepanga mstari mrefu mbele ya duka la aiskrimu, wakiwa na makoti.

Rafiki yangu hakuutazama mji kama mtalii. Aliukagua. Kwanza alisimama kituo cha basi akapiga picha ratiba nzima, siku za kazi, Jumamosi na sikukuu. Kwa kazi yake ya sasa angesafiri karibu saa mbili kila upande, lakini alishauliza, na hata huku wazee wanahitaji watu wa kuwahudumia. Pili aliingia duka la vyakula akatafuta unga wa muhogo na ndizi za kupika. Havikuwepo. Alimuuliza msichana wa kaunta, ambaye alimwonyesha ndizi mbivu kwa upole mkubwa.

"Vitatoka Stockholm kwa mfuko," alisema tulipotoka. "Hilo si tatizo. Tatizo ni watu."

Jaribio la watu lilikuwa la kusalimia. Tulitembea barabara kuu kutoka mwanzo hadi mwisho, yeye akimsalimia kila tuliyepishana naye ambaye hakuonekana mtalii, mimi nikihesabu. Katika Stockholm jaribio hilo lingekwisha haraka. Hapa, kati ya watu kumi na mmoja, tisa waliitikia. Wa kumi alikuwa na vifaa vya muziki masikioni. Wa kumi na moja alikuwa mama mzee ambaye alisimama, akamtazama, akauliza kama wanafahamiana.

"Bado," rafiki yangu alimjibu.

Yule mama alifikiri kidogo, akasema "sawa," akaendelea na mwendo.

Mawe yaliyoandikwa tuliyaona bustanini karibu na magofu. Ni marefu kuliko mtu, na maandishi yake yamejipinda ndani ya umbo la nyoka. Kuna kibao kinachoeleza maana: fulani alisimamisha jiwe hili kwa ajili ya fulani, baba yake. Lingine: wana wawili kwa ajili ya ndugu yao. Rafiki yangu alisoma vibao vinne, polepole, akifuata mistari kwa kidole.

"Hawasemi alikufa na nini."

"Hawasemi."

"Wanasema ni wa nani tu. Hiyo inatosha. Kazini kwangu tunaandika kurasa tatu, na mwishoni hujui alikuwa wa nani."

Alitaka kukaa hapo zaidi lakini nilimwonyesha saa.

Nyumba ilikuwa mtaa wa pili nyuma ya barabara kuu: jengo la mbao la ghorofa moja, manjano iliyofifia, milango minne. Tulifika dakika kumi na mbili kabla ya wakati. Walikuwepo watu watatu, wamesimama mbalimbali kama wanaosubiri mabasi tofauti. Mmoja alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kofia ngumu ya baiskeli mkononi. Wengine wawili walikuwa mtu na mkewe, vijana, mke akiwa na mimba kubwa, ameegemea uzio. Hakuna aliyekuwa akiongea. Rafiki yangu aliwasalimia wote, kisha akauliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya kawaida:

"Samahani, ninyi ni namba ngapi? Mimi ni ya tatu."

Hilo haliulizwi hapa. Yule mwanamume alitazama kofia yake kwa muda, akaanza kucheka.

"Ya pili," alisema.

Wale vijana walitazamana. "Ya kwanza," mume alisema, kama mtu anayekiri kosa.

Saa sita kamili alikuja mfanyakazi wa mwenye nyumba. Alifungua mlango wa juu, akaweka chini boksi la mifuko ya plastiki ya buluu ya kuvika juu ya viatu, akasema tuna nusu saa, akabaki kwenye ngazi na simu yake. Kama kuna wengine walioitwa, hawakutokea.

Nyumba ilikuwa tupu na safi. Sebule yenye madirisha mawili, chumba cha kulala chenye dirisha moja, jiko ambalo watu wawili wangegusana viwiko. Sakafu ya mbao. Ukutani kulikuwa na miraba myeupe mahali ambapo picha za mpangaji aliyehama zilikuwa zimetundikwa. Rafiki yangu alipita chumba hadi chumba akipima kwa hatua, bahasha yake mkononi. Aliweka kiganja kwenye ukingo wa kila dirisha. Alifungua mlango wa chumba cha kulala, akaufunga, akaufungua tena.

Mwanamume wa baiskeli alimaliza kwa dakika nne. Alituambia sote, bila kuulizwa, kwamba anafanya kazi upande wa pili kabisa wa Stockholm, na kwamba alikuja kwa sababu ni Jumamosi na hali ya hewa ni nzuri. Atajibu hapana. Rafiki yangu alinibana mkono hadi ukaniuma. Alibaki mmoja tu mbele yake.

Na huyo mmoja hakuwa na furaha. Mume alikuwa anapima jikoni kwa futi ya chuma. Walinong'ona, lakini nyumba tupu haifichi kitu.

"Ni dogo mno," mke alisema.

"Na hakuna kibaraza."

"Kitanda cha mtoto tutakiweka wapi? Hakiingii."

"Hakiingii," mume alikubali.

Hiyo ilikuwa saa sita na dakika kumi na moja. Niliangalia saa kwa sababu niliamini kwamba ndipo nyumba ilipokuwa ya rafiki yangu. Kama tungeondoka dakika ile, ingebaki yake; naamini hivyo bado.

Lakini alikuwa hajakaa. Alivua mifuko ya buluu, akavua na viatu, akatandika kitenge katikati ya sebule mahali penye jua, akaketi, akanyoosha miguu. Akafungua chupa ya chai. Harufu ya tangawizi ilifika jikoni. Akafumba macho kusikiliza, kama mama yake, na alichosikia ni futi ya chuma ikijirudisha kwenye kasha lake na mtu mwenye mimba akihema.

Mpango wake wote ulikuwa wa nyumba isiyo na mtu. Hakufikiria kwamba kutakuwa na watu. Alifungua macho, na nikajua.

"Dada," nilisema kwa Kiswahili, "kunywa haraka twende."

"Ninywe peke yangu? Watu wamesimama?"

"Ni Waswidi. Wamezoea."

"Mimi sijazoea."

Aliwaita. Mwanamume wa baiskeli, aliyekuwa anashuka ngazi, alirudi juu kwa ajili ya chapati na kukaa kwenye ukingo wa dirisha. Mume alisema asante, hapana, wasijisumbue. Mke alikubali. Alishuka sakafuni kwa awamu tatu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshikwa na mumewe, akaegemea ukuta na kufunga macho. Alisema hajakaa tangu asubuhi, basi lilijaa. Rafiki yangu alimpa kikombe kilichojaa, akampa chapati, akamsogezea upande wa kitenge uliokunjwa mara mbili. Mume naye akakaa. Mimi nilikuwa nimekaa tayari.

Mke aliuliza chai hii ina nini. Tangawizi, maziwa, sukari, aliambiwa, na hakuna siri. Mtoto lini? Mwezi wa saba. Wa kwanza? Wa kwanza. Sasa wanakaa wapi? Kwa wazazi wa mume, chumba cha chini, hakina dirisha la kufungua. Mwanamume wa baiskeli akasema yeye alipoachana na mkewe aliishi miezi minane kwenye mashua. Watu hawa, nusu saa kabla ya hapo, walikuwa wameshindwa kusalimiana.

Nimeandika mambo mengi yaliyoharibika mbele ya macho yangu, mengi mikutanoni, na kwa kawaida huwezi kuonyesha dakika yenyewe. Hapa naweza. Mpaka tulipokaa, ile ilikuwa sakafu na kuta zenye alama za picha za watu wengine. Watu watano walipokaa na kupokezana vikombe, ikawa nyumba. Mke aligeuza kichwa akatazama dirishani. Kulionekana kona ya gofu, mti unaochipua, na ndege wale weusi.

"Pametulia," alisema.

"Ndiyo," mume alisema. "Lakini kitanda."

Na rafiki yangu, mdomo ukiwa umejaa chapati, akanyoosha mkono.

"Si chini ya dirisha. Pale kuna upepo, nimeweka mkono. Kitanda cha mtoto kinakaa kule chumbani, nyuma ya mlango. Mlango ukifunguka haukigusi, nimepima. Chenu kinaingia ukuta wa kushoto, kichwa huku. Na jikoni mnunue meza ya kukunja, muifunge ukutani, mtapita vizuri."

Nilimpiga teke kisirisiri.

"Unawauzia nyumba," nilisema kwa Kiswahili, nikitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Najua."

"Basi nyamaza."

"Ana mimba, sha. Nimwambie amlaze mtoto kwenye upepo?"

"Mwambie hujui."

"Lakini najua!"

Mume aliuliza kwa adabu ni lugha gani hiyo. Kiswahili, aliambiwa. Na mlikuwa mnasema nini?

"Huyu ananiambia nipunguze chapati," rafiki yangu alisema. "Anasema nitashindwa kupita mlangoni."

Walicheka wote, mwanamume wa baiskeli zaidi ya wengine. Mume alikuwa bado anacheka aliponyanyuka na futi yake kuingia chumbani. Tulimsikia akifungua mlango, akiufunga. Akaufungua tena, akaufunga tena. Rafiki yangu alikuwa anamimina chai na hakuinua macho.

"Kinaingia," mume alisema kutoka ndani.

Mke alinyoosha mkono ili ainuliwe. Aliingia chumbani, na hawakunong'ona tena. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya watu walio kwao. Nilisikia neno "hapa" mara nyingi.

Saa sita na dakika ishirini na nane mfanyakazi wa mwenye nyumba alichungulia. Alitukuta watu watatu sebuleni na wawili chumbani. Alifungua mdomo, akaangalia saa yake, akasema zimebaki dakika mbili. Alipopewa chapati aliipokea.

Nje, mke alimkumbatia rafiki yangu kwa upande, kama wafanyavyo wenye mimba, akashukuru kwa "fika", neno la Waswidi la kukaa pamoja kwa kinywaji na kitafunwa, kama vile tulikuwa tumemkaribisha kwetu. Mwanamume wa baiskeli alifunga kofia yake akatutakia kila la heri sote, jambo ambalo halikuwezekana.

Tulishuka hadi ziwani, tukakaa kwenye benchi. Boti zilikuwa zinateremshwa majini baada ya majira ya baridi, na kreni ndogo ilizibeba moja moja. Rafiki yangu alizitazama boti nne zikigusa maji.

"Watasema ndiyo," alisema hatimaye.

"Labda."

"Usiniletee labda. Umesikia alivyofunga ule mlango." Akanigeukia. "Na wewe! Kwa nini hukunivuta? Una mikono miwili."

"Nilikupiga teke."

"Teke! Teke ni kitu gani? Ungemwaga chai. Ungezimia. Ungesema nyumba ina panya!"

"Haikuwa na panya."

"Yoo, mwandishi. Hata panya mmoja umeshindwa kuandika."

Alianza kucheka yeye kwanza, kisha akaacha ghafla na kujifuta uso kwa kiganja. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza pale kwenye kitanda. Chai nilikuwa naielewa.

"Nilikuwa nimekwisha kupanga vitu vyote kichwani," alisema. "Aliuliza swali ambalo nina jibu lake. Nilijibu kabla sijakumbuka kwamba jibu ni langu."

Saa saba na dakika kumi alitoa simu, akafungua ujumbe ule, akabonyeza ndiyo. Kioo kikasema: asante, tumepokea jibu lako. Binti aliandika kuuliza nyumba ikoje. Mama aliandika: nzuri, tunasubiri. Tulikuwa bado na muda kabla ya basi, kwa hiyo tulipanga mstari wa aiskrimu, na alimsalimia kila aliyekuwa mbele yetu na nyuma yetu. Wote waliitikia.

Jumapili alikwenda kanisani Norsborg kama kawaida. Aliwaambia akina mama wa kwaya kwamba amekwenda kuona nyumba na waiombee. Walimuuliza mji ukoje, akawaeleza mawe, magofu na bei ya mishumaa. Hakuwaeleza chai.

Jumatatu nilikuwa na kazi yangu, lakini saa sita mchana niliangalia simu, na saa saba, na saa nane. Alipiga saa tisa kasoro robo, wakati wa mapumziko yake. Nyuma yake nilisikia televisheni ya wazee.

"Wamechukua," alisema.

"Namba moja?"

"Hawasemi nani. Wanasema imepata mpangaji mwingine na kwamba siku zangu kwenye foleni ziko palepale. Lakini ni wao. Nimesema ndiyo mimi, yule wa baiskeli amekataa. Nani mwingine?"

Nikasema pole. Alikuwa ameshampigia mwenye nyumba wa Rågsved, huko Hispania, kabla hajanipigia mimi, na amepata mwezi mmoja wa nyongeza. Mama mmoja wa kwaya anajua mtu Norsborg anayekwenda kwa watoto wake Uingereza mwaka mzima. Alinieleza hayo kwa mpangilio, kama anavyotoa ripoti zamu zinapobadilishana. Kisha akashusha sauti.

"Sikiliza. Binti atakuuliza wewe. Mimi haniamini, anasema naficha vitu. Akikuuliza, mwambie wale walikuwa na siku nyingi kuliko sisi."

"Ni kweli walikuwa nazo."

"Si ndiyo? Basi sema hilo tu. Usilete na mambo ya kitanda."

Nilikubali. Kila neno la sentensi ile lingeweza kuchapishwa gazetini bila kusahihishwa.

Binti alichelewa kuuliza. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba, siku ya kuhama, Norsborg, nyumba ya saba, mkono wa pili. Chumba kimoja na jiko. Mama yake alikuwa juu akipokea vitu. Mimi na binti tulikuwa chini tukisubiri lifti, tumezungukwa na maboksi. Alitoa kifaa kimoja cha muziki sikioni na kuniuliza kwa Kiswidi kwa nini hawakuipata ile ya Sigtuna.

Nilimwambia kwamba waliokuwa mbele walikuwa na siku nyingi zaidi kwenye foleni.

Aliitikia kwa kichwa. Alitazama namba za lifti zikishuka, saba, sita, tano. Halafu akaniuliza swali la pili, lile ambalo mtu anayejua kazi ya gazeti angeuliza.

"Mama aliwapa chakula?"

"Walikuwa na siku nyingi zaidi," nilirudia.

Alinitazama kwa muda usiozidi ghorofa mbili. Lifti ilifika. Aliushikilia mlango kwa mguu ili niingize maboksi, na njia nzima hadi juu hakukirudisha kile kifaa sikioni, kama bado anasubiri nimalizie.